Kosa la Kwanza



Vijana wapendwa wa makundi yetu ya parokia,

Mwezi uliopita, baada ya Misa ya kwanza ya Dominika, vijana watano wa kwetu walileta pikipiki zao mpya mbele ya mlango wa kanisa ili Padri azibariki. Walikuwa wamezipata kwa likirimba ya karibu miaka miwili, kila mmoja akisubiri zamu yake kwa uvumilivu. Padri alinyunyiza maji ya baraka juu ya taa, juu ya magurudumu, na juu ya vichwa vya wenyewe. Akina mama wakapiga vigelegele. Jioni ya siku ile ile tuliwakuta vijana hao hao kwenye kibaraza cha duka moja, chupa zikiwa mezani, pikipiki zimepangwa kwa mstari pembeni, funguo zikining'inia mahali pake. Tuliwaambia: «Wanangu, leo mrudi nyumbani kwa miguu.» Mmoja wao alicheka kwa heshima, akauliza: «Papa Mwalimu, wewe hukuwahi kunywa ukaendesha?»

Hatukumjibu. Tuliwaaga, tukaenda zetu. Maneno haya ndiyo jibu tulilopaswa kumpa pale pale.

Wengi wenu mlikuwa bado watoto katika kiangazi cha mwaka 2018, tulipokosekana katika mafundisho ya kipaimara kwa muda wa miezi miwili. Mliambiwa kwamba tumetumwa kwenye semina ya makatekista katika jimbo lingine. Waliosema hivyo walitaka kulinda heshima yetu, nasi tuliporudi hatukuwakanusha. Haikuwa semina. Tulikuwa gerezani, tukitumikia kifungo kwa kosa la kuendesha gari tukiwa tumelewa na kumjeruhi mtoto.

Tunaandika kwa neno «sisi», kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Lakini neno hilo lisiwadanganye. Mikono iliyoshika usukani siku ile ilikuwa miwili tu, nayo ni hii inayoandika.

Ilikuwa Jumamosi ya mahari. Binti wa kaka yetu alikuwa anaposwa huko Kavumu, nasi tulikuwa msemaji wa familia. Mnajua jinsi kazi hiyo ilivyo: asemaye kwa niaba ya ukoo hawezi kukataa kikombe, kwa maana kukikataa ni kama kukataa neno la wenyeji. Tulianza na kasiksi, tukipokezana mrija na wazee wa upande wa pili. Kisha, tangu saa saba mchana hadi saa kumi na moja, tulikunywa chupa tatu kubwa za bia. Tulikula vizuri. Tulisinzia kidogo kitini, tukanawa uso kwa maji ya baridi, tukanywa kahawa isiyo na maziwa. Tulijiona wazima kabisa. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu ndilo hatari yenyewe: mlevi anayeyumbayumba kila mtu humzuia, lakini mlevi anayejiona mzima hupewa ufunguo.

Tulipewa ufunguo wa gari la shemeji yetu. Nyuma walipanda dada zetu wawili pamoja na wasichana wawili wa kwaya waliokuwa wamekuja kuimba. Kabla mlango haujafungwa, mmoja wa wasichana hao alisema kwa sauti ndogo: «Papa Mwalimu, sisi tungeweza kupanda taksi.» Tulimjibu kwa kicheko kwamba tumeanza kuendesha kabla yeye hajazaliwa. Watu wote walicheka pamoja nasi. Yeye alinyamaza, akapanda. Tungeomba msamaha kwa mambo mengi ya siku ile, lakini kicheko hicho tunakiweka karibu na juu kabisa. Kijana alikuwa amesema kweli mbele ya wakubwa, na sisi, mwalimu wa dini, tulimfundisha kwamba kweli ya kijana ni jambo la kuchekwa.

Tulipita Miti salama. Tulipokaribia soko la Mudaka giza lilikuwa linaingia, vumbi la kiangazi limetanda, akina mama wakifunga mizigo yao kando ya barabara. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa anavuka na bidoni ya maji kichwani. Tulimwona. Hilo nalo tunataka mlijue: hatukuwa tumefumba macho wala hatukuwa tumelala. Tulimwona, tukajua ya kuwa ni mtoto, tukajua ya kuwa inabidi kusimama. Lakini kati ya kujua na kukanyaga breki kulikuwa na nafasi ambayo kwa mtu asiyekunywa haipo. Katika nafasi hiyo gari lilimfikia. Bidoni ilipasuka, maji yakaruka hadi kwenye kioo. Mguu wake wa kushoto ulivunjika chini ya goti.

Watu walikusanyika kwa ghadhabu, na wengine walitaka gari lichomwe moto, sisi tukiwa ndani yake. Wasichana wa kwaya ndio walioshuka kwanza. Walivua vitambaa vyao, wakaufunika mguu wa mtoto, wakamshika mikono wakimwita mwanangu, ingawa wao wenyewe walikuwa bado wanafunzi. Dereva mmoja wa pikipiki, mtu mzima, aliwaamuru wenzake watuache kwanza; akampakia mtoto na msichana mmoja, akawapeleka kwenye kituo cha afya. Hakutudai hata faranga moja, wala hatujajua jina lake hadi leo. Polisi walipofika, walitukuta tumekaa chini mavumbini, tukinuka pombe mbele ya watu wanaotuita Mwalimu.

Usiku ule shemeji yetu alifika kwenye dirisha la kasho akatunong'oneza: «Yaya, sema breki zilikataa. Na sema mtoto alirukia barabara. Mengine tutayapanga.» Asubuhi afisa wa upelelezi alipotuhoji, tulisema hivyo hivyo. Tuliyasema kwa Kiswahili kizuri, kwa utulivu, kama tunavyosema darasani. Afisa aliandika, nasi tukatia sahihi. Ilikuwa Dominika. Saa ile ile, watoto arobaini wa kipaimara walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakitusubiri tuwafundishe amri ya nane.

Jumatatu mama wa mtoto alikuja. Tulidhani amekuja kutulaani, tukajiandaa kunyamaza. Hakulaani. Alisimama na kitenge chake chenye vumbi, akasema: «Mwalimu, nimekuja kukuuliza neno moja. Huko kwetu sasa wanasema mtoto wangu ndiye mwenye kosa, ya kuwa alijitupa mbele ya gari. Baba yake amemgombeza akiwa kitandani. Yeye analia, anasema hakujitupa. Mimi sikuwepo. Wewe ulikuwepo. Niambie tu, nimwamini mtoto wangu ama nisimwamini?»

Vijana wapendwa, tumesoma mara nyingi habari za nabii Nathani mbele ya mfalme Daudi. Tumewafundisha wengi kuieleza. Siku ile tuliielewa. Tulikuwa tumefikiri kwamba uongo wetu ni mdogo, ni wa kujinusuru tu, hauna wa kumdhuru. Kumbe kosa, kama mzigo, haliwi hewa kwa sababu mwenyewe amelitua; lazima liangukie kichwa fulani. Letu lilikuwa limeangukia kichwa cha mtoto aliyevunjika mguu. Tulikuwa tumemgonga mara ya pili, naye akiwa kitandani.

Tulimwambia mama yule: «Mwamini mtoto wako.» Kisha tukaomba kuonana na afisa, tukamwambia afute yale ya jana. Alitutazama kwa muda mrefu, akasema: «Mwalimu, unajifunga mwenyewe.» Akaandika upya.

Msidhani kwamba tunajisifu. Tulikaa na uongo huo siku nzima na usiku mzima bila kusumbuka sana, na pasipo mama yule kuja tungekaa nao mpaka leo. Shemeji alikasirika mno: fedha zilikuwa zimekwisha kuchangwa, na wengine wa familia walikuwa wamekopa. Kwa muda wa mwaka mzima hakutusalimu. Kwao wengi, tulionekana tumefanya upumbavu, si toba.

Mbele ya mahakama ya amani hakimu alisoma mashtaka kufuatana na kanuni ya mwendo barabarani ya mwaka 1978, pamoja na sheria ya jinai juu ya kujeruhi mtu bila kukusudia. Tulikiri. Kisha akauliza: «Je, ni kosa lako la kwanza?» Karani alithibitisha kwamba hakuna lingine lililoandikwa. Tukajibu: «Ndiyo, Mheshimiwa.» Kwa sababu hiyo, na kwa sababu tulikiri, adhabu ikapunguzwa: miezi miwili, faini, na gharama zote za matibabu ya mtoto. Tulitoka pale tukimshukuru Mungu kwa huruma ya hakimu. Lakini neno lile, «la kwanza», lilitufuata hadi gerezani, likakaa nasi.

Gereza lenyewe hatutalieleza kwa urefu, wala hatutalitaja. Wafungwa walikuwa wengi kupita nafasi, tukalala ubavu kwa ubavu, na mmoja akitaka kugeuka, safu nzima hugeuka. Chakula kilikuwa vungule, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, mara moja kwa siku. Asiye na ndugu wa kumletea sahani alionekana kwa macho, akipungua. Mwenzetu wa ndoa alipanda na kushuka vilima siku tatu kwa juma na sufuria yake mkononi. Adhabu tuliyopewa sisi aliitumikia kwa miguu yake. Kapita wa chumba alituweka karibu na mlango kwa kuwa tulikuwa mzee na mwalimu, na jioni tuliwafundisha kusoma vijana wanne. Mmoja wao alikuwa hajafikishwa bado mbele ya hakimu, wala hakujua ni lini atafikishwa. Sisi tulizijua siku zetu, yeye hakuzijua zake. Tangu hapo, tunapoomba kwa ajili ya wafungwa katika sala za waamini, hatuombi tena haraka haraka.

Kati yetu alikuwepo mfungwa mmoja aliyekuwa muuguzi. Siku moja tulimweleza, kama kujitetea, kwamba siku ile tulikula, tulisinzia, tulinawa, tulikunywa kahawa. Alicheka, akaokota kipande cha kaa, akatuambia: «Wewe ni mwalimu, piga hesabu.» Chupa kubwa ya bia ya kwetu ni sentilita 72. Ikiwa na alkoholi asilimia 5, ndani yake mna gramu 28 hivi za alkoholi tupu. Chupa tatu ni gramu 84. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, wala haliharakishwi na kahawa, wala maji ya baridi, wala usingizi wa robo saa, wala sala. Tangu saa saba mchana hadi saa kumi na mbili jioni ni saa tano. Tukisema gramu 8 kwa saa, zimeondoka 40, zimebaki 44. Tulipofika Mudaka tulikuwa bado tumebeba mwilini zaidi ya chupa moja na nusu, bila kuhesabu kasiksi. Hesabu iliandikwa ukutani kwa kaa, nasi tukaitazama siku nyingi. Tulifundisha hesabu miaka zaidi ya ishirini, na hiyo hatukuwahi kuipiga.

Baadaye tulisoma kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri dereva asipite gramu 0.5 za alkoholi kwa lita moja ya damu, na dereva kijana au anayeanza asipite 0.2, maana yake karibu asinywe kabisa. Shirika hilo hilo linahesabu kwamba ajali za barabarani huua watu kama milioni 1.19 duniani kila mwaka, na kwamba hakuna kinachoua zaidi ya hizo watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Ni umri wenu, wapendwa. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyokuwa kwenye rafu yetu miaka yote hiyo, inafundisha katika namba 2290 kwamba wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi wanahatarisha usalama wao na wa wengine barabarani wana hatia nzito. Haisemi wanaoua tu. Inasema wanaohatarisha. Mtu anaweza kufika nyumbani salama, akalala, akaamka, na bado akawa na hatia nzito, kwa kuwa aliyacheza maisha ya jirani kama karata, na kwa bahati hakushindwa.

Hapo ndipo neno «la kwanza» lilipoanza kutuuma. Padri wa magereza alipokuja kutuungamisha, tulianza kujichunguza. Kanisa linatuagiza kuungama dhambi nzito kwa aina yake na kwa idadi yake. Aina tulikuwa nayo. Tukajiuliza: idadi je? Tukakaa chini kuhesabu. Kulikuwa na matanga ya mzee mmoja wa jumuiya, tuliporudi usiku na pikipiki ya shule. Kulikuwa na sherehe ya upadrisho, ambapo chupa zilipita kwa wingi kuliko maji. Kulikuwa na ndoa, kulikuwa na diploma za wanafunzi wetu. Kulikuwa pia na siku ya mafungo ya watoto wa kipaimara, tuliporudi tumewapakia watoto wanne, baada ya kukaribishwa chakula cha mchana na wazee wa parokia jirani. Tulihesabu hadi kumi na moja, kisha tukaacha, si kwa sababu zilikwisha, bali kwa sababu kumbukumbu ilikwisha.

Tulimwambia Padri: «Hakimu aliandika kosa la kwanza. Ni la kumi na mbili, au zaidi, sijui.»

Hilo ndilo tunalotaka mlichukue katika makala haya, hata mkisahau mengine yote. Mahakama huhesabu yaliyokamatwa. Dhamiri huhesabu yaliyotendwa. Tuliyekuwa tunamwita mtu mwema aliyepatwa na ajali siku moja alikuwa mtu aliyefanya jambo lile lile miaka mingi, na kila alipofika salama alidhani Mungu ameidhinisha. Usalama wetu haukuwa idhini, wapendwa. Ulikuwa subira ya Mungu, nasi tuliitumia vibaya. Na kama yule mtoto asingekuwa anavuka saa ile, tungeendelea, na leo pengine mama mwingine angekuwa hana wa kumuuliza kama ajitupe au la.

Tuliporudi nyumbani, Padri Paroko alituambia tukae mwaka mmoja bila kufundisha. Tulinung'unika moyoni. Tulikaa kwenye benchi la mwisho, tukawasikiliza makatekista vijana tuliowaandaa sisi wenyewe. Ulikuwa mwaka mzuri, lakini hatukuujua uzuri wake mpaka ulipokwisha. Tangu kiangazi kile hatujaonja pombe. Katika siku za mahari tunashika kikombe, tunakigusa kwa midomo kwa heshima ya wenyeji, tunampa wa pembeni. Hakuna ukoo uliokataa mahari kwa sababu hiyo.

Mtoto yule sasa ni kijana wa miaka kumi na minane. Anatembea vizuri, ila katika majira ya mvua mguu humuuma, na hakimbii kama wenzake. Tulilipa matibabu, na mpaka alipomaliza darasa la mwisho la msingi tulisaidia minervali yake, si kwa amri ya hakimu. Mama yake tulimwomba msamaha tukiwa tumepiga magoti sebuleni mwake. Alitwambia tuinuke, akatupa kiti, akasema: «Nitaufikiria.» Kila mwaka tunakwenda kuwasalimu, anatukaribisha ugali na sambaza, anatuuliza habari za nyumbani. Neno lile hajalisema bado. Zamani lilitusumbua. Sasa tunajua kwamba msamaha ni mali yake, si deni lake kwetu.

Siku tulipomweleza mkuu mmoja wa chama chetu kwamba tunataka kuandika haya, alituonya kwamba tutawakwaza vijana. Tukamkumbusha Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa, aliyetangazwa Mwenyeheri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Mwaka 2007, akiwa na miaka 26, alikataa fedha aliyopewa ili apitishe chakula kilichooza, akauawa kwa sababu hiyo. Hakumjua hata mmoja wa wale ambao wangekula chakula kile. Aliwalinda watu asiowaona. Sisi hatufanani naye. Sisi tulimwona mtoto, na kesho yake tukamwuza kwa maneno mawili. Lakini kama mtakatifu wa kwetu alikufa ili watu wasiomjua wasidhurike, basi si kitu kikubwa kwamba mzee mmoja aaibike ili vijana anaowajua wasiue wala kufa.

Basi, kijana uliyetuuliza kibarazani, jibu ni hili: ndiyo, tulikunywa tukaendesha, mara kumi na mbili au zaidi, na mara ya mwisho tulivunja mguu wa mtoto, tukamsingizia. Tunakuomba, wewe na wenzako, mambo machache. Ukijua kwamba utakunywa, toa ufunguo kabla ya chupa ya kwanza, kwa maana baada yake ni chupa inayoamua, si wewe. Ukiwa abiria na dereva amekunywa, shuka, hata kama ni baba yako, hata kama ni katekista wako. Na akicheka, mwache acheke, wewe uko chini, uko hai. Ukiwa mwenyeji, usimhesabie mgeni heshima kwa chupa. Mwandalie mkeka alale. Na ukikuta mkubwa amekosa, usikubali kumsaidia kusema uongo. Utadhani unamwokoa. Ujue kwamba mahali fulani yuko mtoto kitandani ambaye uongo huo utamwangukia.

Yule msichana wa kwaya leo ni mama wa watoto wawili. Juzi tulimwendea, tukamwambia: «Siku ile ya Kavumu ulisema kweli, nasi tukacheka. Utusamehe.» Alishangaa kwamba bado tunakumbuka. Akajibu: «Papa, hata mimi nilipaswa kushuka.» Tukamwambia la, wewe ulikuwa mtoto. Lakini tumeyabeba maneno yake, tunayaleta kwenu ninyi ambao bado mna nafasi ya kushuka.

Maswali ya kutafakari katika makundi

1. Katika sherehe zetu za parokia na za familia, ni nani huwajibika kuona jinsi wageni wanavyorudi nyumbani? Kama hakuna, tumpe nani kazi hiyo?

2. Je, kuna kosa ambalo tunaliita «la kwanza» kwa sababu tu halijaonekana kabla?

3. Uongo gani tuliwahi kuusema, au kuusaidia, ili kumlinda mtu tunayemheshimu? Nani aliubeba mzigo wake?

Sala

Bwana Yezu, wewe uliyekubali kuhesabiwa pamoja na wahalifu, utufundishe kuhesabu makosa yetu kwa hesabu yako, si kwa hesabu yetu. Uwalinde watoto wanaovuka barabara jioni. Uwape vijana wetu ujasiri wa kushuka, na wazee wetu unyenyekevu wa kutoa ufunguo. Uwakumbuke walio gerezani, hasa wale wasiojua siku zao. Amina.